Kupiga picha za anga karibu na ikweta: kitako, nguzo na paa kabla ya darubini

Mnamo Januari 1883, Andrew Ainslie Common, mhandisi wa mifumo ya maji taka ambaye hakuajiriwa na kituo chochote cha astronomia, aliipiga picha Nebula ya Orioni kutoka nyumbani kwake Ealing, Uingereza. Sahani ya picha ilipokea mwanga kwa dakika 37, na iliposafishwa ilionyesha nyota hafifu mno ambazo jicho halikuweza kuziona hata kupitia darubini yenyewe. Mwaka uliofuata Chama cha Kifalme cha Astronomia kikamtunuku medali ya dhahabu. Kioo cha darubini yake kilikuwa kikubwa, chenye kipenyo cha inchi 36, lakini kioo peke yake kisingetosha: picha iliwezekana kwa sababu Common alitengeneza mtambo wa kuifuata nebula kwa muda wote huo bila mwanga wake kuhama mahali pake kwenye sahani.

Wanaoanza shughuli hii leo huuliza kwanza wanunue darubini ipi. Ningependa waulize kwanza ni nini kitakachoibeba. Kitako, yaani mashine inayoishika darubini na kuizungusha sambamba na anga, pamoja na ardhi inayokishikilia kitako hicho, ndivyo huamua kama nyota zitatoka zikiwa nukta au zikiwa vistari vilivyovutika. Kwa msomaji anayeishi Nairobi, Arusha, Kampala, Bujumbura au Mombasa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu vitako vingi vimebuniwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, Marekani ya Kaskazini, Japani na Australia, ambako ncha ya anga, yaani pale mhimili wa Dunia unapoelekea na nyota zote huonekana kupazunguka, iko juu sana kuliko kwetu. Maelekezo mazuri kabisa yaliyoandikwa kwa ajili ya Berlin yanaweza kumwacha mtu wa Arusha na mashine isiyoweza hata kuinamishwa kwenye pembe anayoihitaji.

Anga linavyokimbia

Dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa kipimo cha pembe, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika ulio juu ya ikweta ya Dunia, husogea sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa. Uzi mmoja wa pembe una dakika 60 za tao, kila dakika ina sekunde 60 za tao, na Mwezi mpevu una upana wa karibu dakika 30 za tao. Ukiiachia kamera ipokee mwanga kwa dakika tatu bila kuzungushwa, nyota hiyo itakuwa imesafiri dakika 45 za tao, yaani Mwezi mmoja na nusu.

Madhara ya mwendo huo hutegemea urefu wa fokasi wa lenzi au darubini, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale picha inapotokea kali, na ukubwa wa pikseli za kamera. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: chukua 206, zidisha kwa ukubwa wa pikseli katika mikromita, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi katika milimita. Jibu ni sekunde za tao zinazochukuliwa na pikseli moja. Kamera nyingi za kisasa za anga zina pikseli za mikromita 3.76; zikifungwa kwenye darubini ndogo yenye fokasi ya milimita 400, kila pikseli huchukua karibu sekunde 1.9 za tao, na nyota isiyofuatwa huivuka pikseli hiyo kwa takriban sehemu moja ya nane ya sekunde. Kwa lenzi pana ya milimita 20 mambo hulegea: pikseli moja huchukua sekunde 39 za tao, na nyota huhitaji sekunde mbili na nusu kuivuka. Ndiyo maana Njia ya Maziwa inaweza kupigwa picha kwa kamera ya kawaida juu ya stendi ya miguu mitatu isiyosogea, kwa sekunde 10 hivi kila picha, ilhali nebula au galaksi moja haiwezi. Ile kanuni ya zamani ya kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi, ambayo kwa lenzi hii ingeruhusu sekunde 25, ilitoka enzi za filamu. Kwenye kihisi cha leo, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, sekunde hizo huzalisha nyota zilizovutika karibu pikseli 10.

Nyota zinazokwenda kasi zaidi ni zile za ikweta ya anga, na hizo ndizo zinazopita utosini mwetu. Mpiga picha wa Afrika Mashariki hana pa kuukwepa mwendo huu.

Kitako cha kiikweta na ncha iliyolala chini

Kitako cha kiikweta kina mihimili miwili. Mhimili mkuu huelekezwa sambamba na mhimili wa Dunia, na mota yake huuzungusha kinyume cha mzunguko wa Dunia kwa kasi ileile. Mhimili wa pili hutumika kuichagua nyota iliyo kaskazini au kusini zaidi, kisha hutulia. Mhimili mkuu ukielekezwa vizuri, mwendo mmoja tu unatosha, na picha nzima hubaki imetulia bila hata kujizungusha yenyewe kwenye pembe zake.

Pembe ambayo mhimili huo huinuliwa kutoka usawa wa ardhi ni sawa na latitudo ya mahali. London ni nyuzi 51 na nusu. Nairobi ni nyuzi 1.3 kusini, Arusha 3.4, Mombasa 4, Dar es Salaam 6.8, na Mbeya karibu 9. Kampala iko theluthi moja tu ya uzi kaskazini mwa ikweta. Kwetu, kwa hiyo, mhimili mkuu unalala karibu sambamba na sakafu, na hapo matatizo mawili ya kimwili hujitokeza kabla hata ya kuwasha umeme. La kwanza ni kwamba vitako vingi vya bei ya kati vimewekewa kikomo na kiwanda: haviinami chini ya nyuzi 10, na vingine huishia nyuzi 15 au 20. La pili ni kwamba chuma kinachobeba uzani wa kusawazisha hushuka moja kwa moja kuelekea stendi pale darubini inapokuwa katika mkao wake wa mapumziko, na uzani huo unaweza kugonga mguu wa stendi au mwili wa nguzo.

Anayenunua kitako kipya na asome kwanza kipimo cha latitudo katika maelezo ya kiwanda, kabla ya kuangalia uzito kinaoweza kubeba. Vitako vya gia za mawimbi (kwa Kiingereza harmonic au strain wave), vilivyoenea sana miaka ya karibuni, vingi vyake vinaweza kushuka hadi nyuzi sifuri na vinaweza kubeba darubini ndogo bila uzani wa kusawazisha, hivyo matatizo yote mawili huondoka kwa pamoja. ZWO AM5, kilichotoka mwaka 2022, ni mfano unaojulikana: kichwa chake kina kilo 5 tu na hubeba kilo 13 bila uzani. Udhaifu wa gia hizi ni kwamba mwendo wake una mawimbi makubwa kuliko ya gia za kawaida, kwa hiyo kamera ya kuongozea, nitakayoieleza baadaye, ni lazima na si hiari.

Mwenye kitako cha zamani chenye kikomo hana sababu ya kukata tamaa. Fundi wa kuchomelea anaweza kumtengenezea kabari ya chuma kinene, yenye mteremko wa nyuzi 12 kwa mfano, inayofungwa kati ya nguzo na kitako ili kitako chote kiinamie upande wa kusini. Kwa Arusha, kipimo cha kitako kitasomeka nyuzi 15.4 wakati mhimili halisi umesimama kwenye 3.4. Gharama yake ni kwamba skrubu ya kusogeza kushoto na kulia sasa huzungusha kitu kilichoinama, kwa hiyo kila ukirekebisha upande mmoja, upande wa juu na chini nao husogea kidogo, na marekebisho yanapaswa kurudiwa kwa zamu mpaka yote mawili yatulie. Kipande cha nguzo cha sentimita 15 hadi 20 juu ya stendi, nacho, huupa uzani wa kusawazisha nafasi ya kupita bila kugonga.

Baada ya hapo kuna kazi ya kuulenga mhimili wenyewe. Wa Ulaya hutazama Nyota ya Kaskazini kupitia kidarubini kidogo kilichomo ndani ya mhimili, na kwa dakika tano kazi imekwisha. Kusini mwa ikweta Nyota ya Kaskazini imezama. Nyota ya kusini iliyo karibu na ncha, Sigma Octantis, ina mng'ao wa daraja la 5.4 (katika kipimo hiki namba kubwa ni mwanga hafifu zaidi), kiasi kwamba hata kwenye giza zuri jicho huipata kwa taabu. Ikiwa nyuzi tatu au nne tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya vumbi, miti na taa za kijiji, si ya kutegemewa. Zaidi ya hayo, angahewa hupinda mwanga wa vitu vilivyo chini. Mombasa, ambako ncha iko nyuzi 4 juu ya upeo, mpindo huo huinua kila kitu kilicho hapo kwa takriban dakika 12 za tao, hivyo hata anayefanikiwa kuiona nyota hiyo na kuilenga kwa uangalifu atakuwa ameelekeza mhimili juu ya mahali pa kweli. Kosa la dakika moja ya tao katika kulenga huweza kusogeza nyota kwa takriban robo ya sekunde ya tao kila dakika. Kosa la dakika 12 huisogeza karibu sekunde 9 za tao katika picha ya dakika tatu, ambazo kwa darubini yetu ya milimita 400 ni karibu pikseli tano.

Suluhisho ni kuacha kuitafuta ncha kwa jicho. Programu za siku hizi, kama N.I.N.A. ambayo ni ya bure, hupiga picha ya eneo lolote la anga, hulinganisha mpangilio wa nyota na orodha iliyomo kwenye kompyuta, na kutambua darubini inatazama wapi hasa. Kitako kikizungushwa kidogo kwa mhimili wake mkuu na picha ya pili na ya tatu zikapigwa, pointi hizo tatu hukaa juu ya duara, na kitovu cha duara hilo ndipo mhimili unapoelekea. Programu huonyesha kosa kwa dakika za tao, nawe hugeuza skrubu huku namba zikishuka. Ncha inaweza kuwa nyuma ya mlima, nyumba au ukuta, na kazi ikaenda sawa. Ukipiga picha hizo tatu juu angani, ambako mpindo wa angahewa ni mdogo sana, utapata ncha ya kweli badala ya ile iliyoinuliwa. Asiye na kompyuta anaweza kutumia njia kongwe ya kutazama nyota inavyopotoka taratibu, moja ikiwa karibu na utosi na nyingine chini mashariki, na kurekebisha mpaka upotokaji uishe. Huchukua saa nzima au zaidi, lakini matokeo yake hayana kasoro.

Usisahau pia kuiambia mashine kwamba uko kusini. Vitako vidogo vya kusafiria vina swichi ya N na S, na vikubwa huingiziwa latitudo. Mtu wa Nairobi, akiwa kusini kwa uzi mmoja na kidogo tu, akikosea hapa atauona mhimili ukizunguka kinyume na nyota zikivutika mara mbili ya kawaida.

Pale ambapo ikweta hutupendelea

Kuna aina nyingine ya kitako, cha wima na mlalo, ambacho hupandisha na kushusha, na kugeuza kushoto na kulia, bila kulengwa kwenye ncha yoyote. Wapiga picha wa nchi za mbali hukidharau kwa sababu, hata kikiifuata nyota barabara, picha nzima hujizungusha polepole kuizunguka nyota hiyo. Darubini ndogo zenye kamera na kompyuta ndani yake, kama Seestar S50 iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na lenzi ya milimita 50 na fokasi ya milimita 250, hutumia kitako cha namna hii, na hukwepa tatizo kwa kupiga picha fupi za sekunde 10 hadi 30 kisha kuzirundika ziwe moja.

Kasi ya mzunguko huo wa picha hutegemea upande unaotazama. Kaskazini na kusini ni mkubwa, na mashariki na magharibi kamili hutoweka. Nyota zinazopita utosini kwetu huchomoza mashariki zikapanda karibu wima, na hubaki upande wa mashariki mpaka zifike juu, kisha hushuka magharibi vivyo hivyo. Kwa hiyo Nebula ya Orioni, ikiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa mashariki na ikitazamwa kutoka Arusha, huzunguka kwa takriban uzi mmoja na nusu tu kwa saa, na katika picha ya sekunde 30 hakuna atakayeutambua. London, kitu hichohicho kikiwa kusini kwenye kilele chake, huzunguka karibu nyuzi 11 kwa saa. Tunalipia faida hii upande mwingine: Galaksi ya Andromeda ikiwa kaskazini kwenye kilele chake huzunguka zaidi ya nyuzi 20 kwa saa, na karibu kabisa na utosi mota ya kugeuza hulazimika kukimbia isivyowezekana. Mwenye kitako hiki na avipige vitu vya ukanda wa ikweta ya anga vikiwa kati ya nyuzi 30 na 75 upande wa mashariki au magharibi, naye atapata picha ambazo mwenzake wa Ulaya mwenye kifaa hichohicho atazionea wivu. Kwa anayeanza hapa kwetu na fedha kidogo, hili ndilo ningemshauri aanze nalo.

Darubini, kamera na joto

Kuhusu darubini maneno yanatosha machache. Kwa vitu vya mbali vilivyo vipana, na vingi vinavyovutia ni vipana, darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 80 na fokasi ya milimita 350 hadi 450 inatosha miaka mingi: ni nyepesi, haihitaji kulinganishwa vioo, na husamehe makosa ya kitako. Darubini ndefu ya milimita 2,000, inayowavutia wengi dukani, hufanya kila pikseli ichukue sekunde 0.4 za tao, wakati hewa yenyewe katika maeneo mengi huitawanya nyota kufikia sekunde mbili au tatu. Ukali unaolipiwa hapo haupatikani, na kila kosa la kitako huonekana mara tano zaidi. Tenga angalau nusu ya fedha kwa kitako na kinachokibeba, kisha gawanya kilichobaki.

Kamera ya kuongozea ni kamera ndogo inayotazama nyota moja au kadhaa kupitia kidarubini cha pembeni, kila sekunde moja au mbili. Programu kama PHD2, ambayo nayo ni ya bure, hupima nyota hizo zimehama kiasi gani na kukiagiza kitako kijirekebishe. Huondoa mawimbi ya gia na upotokaji mdogo wa kulenga, lakini haiondoi mzunguko wa picha unaosababishwa na mhimili uliolengwa vibaya.

Kamera kuu inaweza kuwa ya kawaida ya kubadilisha lenzi. Kizuizi chake ni kichujio kilichowekwa mbele ya kihisi, ambacho hukata sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 656, na huo ndio mwanga mkuu wa nebula nyingi. Mafundi huweza kukiondoa. Kwetu hata hivyo tatizo kubwa zaidi ni joto. Kihisi hutoa chaji zake chenyewe hata gizani, na wingi wake huongezeka maradufu kwa takriban kila nyuzi 6 za Selsiasi. Usiku wa Dar es Salaam wenye nyuzi 28, kamera isiyopozwa hujaa chenga ambazo mpiga picha wa Uswidi hajawahi kuziona. Kamera ya anga yenye kipozeo cha umeme hushusha kihisi nyuzi 30 hadi 35 chini ya joto la hewa. Usijaribu kufikia nyuzi 20 chini ya sifuri zinazotajwa na wengi. Weka nyuzi 5 chini ya sifuri, ambazo kipozeo kitazishikilia usiku kucha, na chenga za joto zitapungua kwa karibu mara 40.

Kiwango thabiti ni muhimu kuliko kiwango cha chini, kwa sababu kila kikao huhitaji picha za giza, zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa kwa joto na muda uleule wa picha halisi ili programu izitoe chenga zinazojirudia. Huhitajika pia picha za uwanda mweupe, kwa mfano anga la alfajiri likitazamwa kupitia kitambaa cheupe, ili kufuta vivuli vya vumbi na giza la pembeni. Siril, programu ya bure, hufanya hesabu hizi zote na kurundika mamia ya picha kuwa moja.

Mahali na majira

Tunajaliwa usiku ambao wengine hawana. London haipati giza kamili kuanzia mwishoni mwa Mei hadi wiki ya tatu ya Julai, kwa sababu Jua halizami vya kutosha. Kwetu Jua huzama karibu wima, giza kamili hufika ndani ya takriban saa moja na robo, na hudumu karibu saa tisa au zaidi kila usiku wa mwaka. Tunaona pia anga zote mbili, Andromeda ya kaskazini na Mawingu ya Magellan ya kusini, galaksi mbili ndogo zilizo jirani yetu, na kitovu cha Njia ya Maziwa hupita nyuzi 67 juu ya upeo kwa mtu wa Dodoma.

Majira ndiyo huamua. Uwanda wa kati wa Tanzania, Dodoma na Singida, huwa mkavu kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati uleule ambao kitovu hicho huonekana tangu jioni. Nairobi, kinyume chake, hufunikwa na wingu zito la baridi mwezi Julai, na wakazi wake hupata nyakati nzuri zaidi Januari na Februari, Orioni ikiwa juu.

Mwanga wa mji hauondolewi na kifaa chochote. Anga la katikati ya mji mkubwa linaweza kuwa na mng'ao wa daraja la 18.5 kwa kila sekunde mraba ya tao, na porini 21.5, tofauti hiyo ya madaraja matatu ni mara 16 ya mwanga wa nyuma. Maana yake ni kwamba picha ya galaksi iliyokusanywa kwa saa moja porini huhitaji takriban saa 16 mjini ili ifikie usafi uleule. Vichujio vyembamba vinavyopitisha hidrojeni na oksijeni pekee husaidia sana kwa nebula zinazotoa mwanga wake zenyewe, na havisaidii kwa galaksi wala kwa Kilimia na vumbi lake la buluu. Mwenye gari na shamba la jamaa Kajiado au Monduli na alihesabu shamba hilo kuwa sehemu ya vifaa vyake.

Nguzo ya kudumu

Anayepata kiwanja cha kutumia miaka mingi ajenge nguzo kabla ya kufikiria nyumba. Stendi ikilengwa upya kila jioni hula saa ya giza. Nguzo hulengwa mara moja. Ukakamavu wa nguzo ya duara iliyojaa zege hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, hivyo nguzo ya sentimita 30 ni ngumu mara 16 kuliko ya sentimita 15 yenye urefu uleule, na kila nguzo inaporefushwa hulegea haraka. Nene na fupi ndiyo sheria. Urefu uwe ule tu unaoiwezesha darubini kutazama juu ya ukuta.

Msingi uchimbwe angalau mita moja, uwekewe nondo, na usiguse popote sakafu ya chumba. Acha mwanya wa sentimita mbili au tatu kuizunguka nguzo, kwa sababu hatua za miguu husafiri kwenye sakafu moja kwa moja hadi kwenye picha. Ardhi nayo ichunguzwe. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ulioenea sehemu nyingi za Nairobi na nyanda zake, huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nguzo iliyosimikwa ndani yake itainama kidogo kila msimu, hata kama jicho halioni. Dakika chache za tao za mwinamo zinatosha kuharibu kulenga kulikokamilika. Tabaka hilo lichimbwe mpaka kwenye mwamba au ardhi isiyosogea, na shimo lijazwe kifusi kilichoshindiliwa vizuri kuzunguka msingi. Zege liachwe likauke wiki nne kabla ya kulenga chochote kwa usahihi.

Paa, ukungu na umeme

Kuba linalozunguka linapendeza, lakini kwa mtu binafsi paa la kuteleza juu ya reli ni rahisi kujenga, rahisi kutengeneza, na huiacha hewa ya ndani ilingane na ya nje haraka. Vitabu vya kaskazini hushauri paa liteleze kaskazini, na ushauri huo kwetu unafaa kwa sababu tofauti kabisa. Vitu vyetu huchomoza na kuzama mashariki na magharibi, hivyo kuta za pande hizo mbili ziwe fupi na zisizibwe na chochote. Kati ya pande mbili zilizobaki, kusini kuna Mawingu ya Magellan, Wingu Kubwa likifika nyuzi 24 tu kutoka Arusha, na sioni kitu cha kaskazini kilicho chini kiasi hicho kinachostahili kulinganishwa nalo. Paa liende kaskazini. Mabati yapakwe rangi nyeupe na yawekewe kizuia joto, la sivyo chumba kitatoa joto la mchana usiku kucha na nyota zitacheza. Mbao zitiwe dawa ya mchwa, na kila tundu la bomba lizibwe kwa wavu, kwa sababu nyigu hujenga haraka sana ndani ya kifuniko cha lenzi kilichotulia.

Pwani hali ni nyingine. Hewa ya chumvi hula skrubu na viunganishi, na unyevu wa kudumu huotesha kuvu kwenye vioo, kuvu ambayo ikishashika hula tabaka la lenzi lisirudi tena. Kwa Tanga, Mombasa au Unguja ningejenga nguzo na kibanda cha kufunika kitako tu, nikatunza darubini na kamera ndani ya kabati lililofungwa lenye silika ya kunyonya unyevu, kipimo kikiwa kati ya asilimia 40 na 50. Popote ulipo, mkanda wa joto uzungushiwe mbele ya lenzi: ukiizidi hewa kwa nyuzi mbili au tatu tu, umande hautatua.

Mfumo mzima, yaani kitako, kipozeo, kompyuta ndogo na mikanda, hutumia takriban ampia 5 kwa volti 12, ambazo ni wati 60. Kwa saa tisa hiyo ni wati-saa 540, na betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampia-saa 50 huzitosheleza kwa shida. Ya asidi ingehitaji kuwa ya ampia-saa 100, kwani haifai kuishusha chini ya nusu. Paneli ya jua ya wati 200 huirudishia betri nguvu yake siku inayofuata kukiwa na jua zuri. Nashauri mfumo huu hata pale penye umeme wa gridi, kwa kuwa hukata njia kuu ya hatari iliyobaki, ambayo ni radi. Nguzo ya chuma, reli na kompyuta vilivyounganishwa na waya mrefu kutoka nyumbani huualika mkondo wa radi hata ikipiga mbali, na Kanda ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Nguzo na reli zifungwe kwenye waya wa ardhi, mawasiliano kati ya kibanda na nyumba yapite kwenye waya wa kioo (fiba) au hewani badala ya shaba, na kabla ya mvua za vuli kuanza kila plagi ichomolewe kwa mkono na kuwekwa mbali na soketi yake, kwa sababu swichi iliyozimwa haizuii mkondo wa radi kuruka.